Ruzuku ya Afya Kazini Ianze kwa Mwajiri Mdogo

Kampuni kubwa haitetereki sana mfanyakazi wake mmoja akiumwa mgongo. Ina daktari wake, ina ofisi ya utumishi, na ina pa kumhamishia kwa muda akafanye kazi nyepesi. Mwenye karakana ya watu sita hana hata kimoja kati ya hivyo. Anapokea karatasi ya daktari ya mapumziko ya wiki mbili, kisha nyingine, kisha nyingine tena. Kumpigia simu mgonjwa anaona haya, asije akaonekana anamsumbua. Miezi inakatika, na mtu yule anarudi kwa shida au harudi kabisa.

Kwa hiyo naunga mkono serikali ichangie huduma za afya kazini, mradi fedha zielekezwe kwa waajiri wadogo, tena katika wiki za mwanzo za ugonjwa.

Finland wana uzoefu wa miaka mingi. Sheria yao inamtaka kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, agharamie huduma za kinga, na taasisi ya bima ya jamii, Kela, humrudishia asilimia 60 ya gharama zinazokubalika, hadi kikomo maalumu. Tangu 2012, ugonjwa ukifikisha siku 30 mwajiri anapaswa kuwaarifu wataalamu wa afya kazini. Napenda sana kipengele hicho, kwa sababu hakuna anayesubiri mwenzake aanze.

Uingereza nao walikuwa na huduma ya bure ya kuwasaidia wafanyakazi wagonjwa kurudi kazini, iliyoitwa Fit for Work. Ushauri ulitolewa zaidi kwa simu, waliopelekwa huko wakawa wachache, na mwaka 2018 ikafungwa. Maoni yangu ni kwamba simu peke yake haitoshi. Mtu anayefunga maboksi atakuambia mgongo unauma, basi. Mtaalamu akisimama pale pale ndipo anaona kwamba maboksi yanaokotwa sakafuni, meza iko chini ya kiuno, na kila mara mtu anageuka huku amebeba mzigo. Meza ikipandishwa, maboksi yakiwekwa juu ya kichanja, na zamu ikapunguzwa nusu kwa wiki ya kwanza, huenda akarudi hata kabla maumivu hayajaisha yote. Ziara ya namna hiyo ndiyo inayostahili ruzuku.

Kurudi mapema kusigeuke kulazimishwa, hilo halina mjadala. Mwajiri aambiwe mfanyakazi anaweza kufanya nini na nini bado hawezi. Jina la ugonjwa libaki kwa daktari. Siri hiyo ikivuja, wafanyakazi wataikwepa huduma hata ikiwa bure.

Halafu kuna suala la malipo. Kumwambia mwenye karakana alipe leo, adai mwakani, ni kumfungia mlango, maana hana akiba ya kungojea. Serikali imlipe mtoa huduma moja kwa moja, mwajiri atoe sehemu yake ndogo tu siku ya ziara.