Milimita tano za Tomb Kings: kibao kipya chini ya jeshi la zamani

Mchezo wa vita wa mezani uitwao Warhammer: The Old World ulipotoka Januari 2024, wenye majeshi ya zamani ya sanamu ndogo walifurahi kwanza, kisha wakanuna. Walifurahi kwa sababu Tomb Kings, jeshi la wafalme wa jangwani waliofufuka makaburini mwao, lilirudi madukani pamoja na Bretonnia, jeshi la ufalme wa mashujaa wa farasi. Tangu Games Workshop, kampuni inayoutengeneza mchezo huu, ilipouweka kando ulimwengu wa zamani wa Warhammer mwaka 2015 na kuleta mchezo mwingine, Age of Sigmar, mahali pake, majeshi hayo yalikuwa yatima. Walinuna kwa sababu kanuni mpya zilitaja ukubwa wa kibao ambacho kila sanamu ya askari inasimama juu yake, na kibao hicho hakikuwa tena kile walichokwisha kukigundisha. Askari wa mifupa wa miguu aliyesimama kwenye mraba wa milimita 20 sasa anatakiwa asimame kwenye mraba wa milimita 25, na mwenzake wa farasi ametoka 25 kwa 50 hadi 30 kwa 60.

Lawama iliyozoeleka ni kwamba kampuni imetafuta njia nyingine ya kuuza plastiki. Kwamba inauza, hilo halina ubishi. Vibao vitupu vinauzwa kwa pakiti. Lakini anayeishia hapo huenda amesahau jinsi kikosi kilivyokuwa kikipangwa zamani. Sanamu zilizochongwa katika miaka ya mwisho ya mchezo wa kale zilikuwa na viwiko vilivyotanuka, ngao pana na mikuki iliyoinamishwa mbele, na ukizisogeza bega kwa bega kwenye milimita 20, mkuki wa huyu ulimchoma mgongoni yule aliyetangulia. Wachezaji waliandika namba chini ya vibao ili wakumbuke nani asimame wapi, kwa kuwa kulikuwa na mpangilio mmoja tu ambao kikosi kizima kiliweza kuingiana bila rangi kukwanguka. Milimita tano zimeiondoa adha hiyo. Sijasikia wengi wakilisema, labda kwa sababu shida iliyokwisha haina mtetezi.

Hoja ya pili ni ya hesabu, nami naiona nzito kuliko zote. Upana wa kibao ndio unaoamua ni askari wangapi wanaogusana na adui na kikosi kinageuka kwa gharama gani. Mbele ya ukuta wa adui wenye upana wa sentimita 10, ukiacha wale wa pembeni, wanaenea askari watano wa kibao cha zamani, ila wanne tu wa kibao kipya. Basi mchezaji aliyebaki na milimita 20 anapata upanga mmoja wa ziada katika kila sentimita 10, wala hakuulipia pointi yoyote kati ya zile ambazo kila mchezaji hununulia askari wake.

Kugeuka nako kuna mambo yake. Kikosi hugeuka kwa kuzungukia pembe moja, kama mlango kwenye bawaba zake, na umbali unaohesabiwa ni ule anaotembea askari wa pembe ya nje. Askari wa mifupa hutembea inchi 4, yaani sentimita 10 na ushei. Safu ya watano kwenye vibao vya zamani ikigeuka nyuzi 45, askari wa nje hutumia sentimita 7.9, na kikosi kinabaki na sentimita 2 na zaidi za kusonga mbele. Safu hiyohiyo kwenye vibao vipya hutumia sentimita 9.8. Kinachobaki ni kama milimita 3, upana wa punje ya mchele. Kwa jeshi lililozoea kujongea taratibu kwa vikosi vipana, hilo linabadilisha zamu nzima: kamanda hawezi tena kugeuka na kusogea kwa pamoja, hana budi kuchagua mojawapo. Mwenye vikosi vidogo vya wateule hataliona sana. Mwenye mifupa 120 ataliona tangu anapopanga jeshi mezani, kwa maana kila askari wake sasa anakalia eneo lililoongezeka kwa asilimia 56, na meza ni ileile.

Hapo ndipo wale wanaosema kila mtu acheze na vibao alivyo navyo wanaponishinda kuwaelewa. Kwenye sebule ya rafiki, sawa. Kwenye mashindano, mmoja akiwa na mlango mfupi na mwingine mrefu, hawachezi mchezo mmoja.

Hata hivyo, malalamiko yenyewe si ya ubahili, na kuyaita hivyo ni kuwaonea watu. Gharama kubwa haiko kwenye bei ya vibao. Iko kwenye kisu. Askari wa mifupa ana vifundo vyembamba kuliko kijiti cha kiberiti, ameshikwa na supagluu, na mchanga uliopakwa rangi umefunika nyayo zake. Sanamu za madini nazo zina ulimi uliozamishwa kwenye ufa wa kibao. Ukibandua kumi, mmoja au wawili watavunjika miguu. Tena wapo waliokwisha kufanya kazi hii mara moja. Kanuni za kwanza za Age of Sigmar, zilizokuwa kurasa nne tu, zilipima umbali kutoka kwenye sanamu yenyewe wala hazikujali kibao, ila vibao vipya vya mchezo ule vilikuwa vya duara, na wengi wakakata miraba yao ili waendane na wakati. Mtu huyo aliambiwa mwaka 2015 kwamba kibao si kitu, kisha mwaka 2024 akaambiwa kibao ni kanuni. Hasira yake naiona ya haki.

Lakini dawa ipo, na wengi walioigundua wameacha kulalamika. Ni sinia la kusogezea kikosi, lililokatwa kwenye MDF, yaani mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, au kuchapwa kwa printa ya plastiki, lenye vishimo vya milimita 20 vilivyoachana kiasi kwamba kila askari anakalia nafasi ya milimita 25. Mifupa inabaki na mchanga wake wa mwaka 2011, na kikosi kina upana halali. Sinia haliwafai wanaopigana kwa kutawanyika, wala mfalme au kuhani anayetembea peke yake, maana hao hupimwa mmoja mmoja. Kwa jeshi la askari 120, kazi ya kisu inabaki kwa hao wachache, ambao pengine hawazidi 15, na hata mwenye vifundo vyembamba kuliko vyote anaweza kubanduliwa polepole bila haraka ya kumaliza safu nzima kabla ya Jumamosi.