Kwaheri Hans

Jina la mtu lilikuwa uvunguni mwa meza yangu, nami nikalifuta kwa msasa huku naimba. Nalisema mapema usije ukadhani huko mbele kuna mahali nitapata akili.

Nilikuwa mwanafunzi Odense, Denmark. Chumba kimoja, kitanda kimoja, kompyuta naipakata kama mtoto wa kunyonya. Siku moja ya baridi nikaingia duka la mitumba (nao wana mitumba, usidhani ni sisi tu). Nyuma ya mazulia nikaiona meza ya kuandikia: nyeusi kwa uchafu, alama za vikombe vya kahawa zimepandana juu yake kama bendera ya Olimpiki, na droo moja imegoma kufunguka. Krona 350. Nikaanza kuomba punguzo, muuzaji akaniangalia kama naongea na ukuta. Nikalipa.

Rafiki yangu wa Mombasa, baada ya kunitukana kwa Kiswahili safi, akaazima baiskeli ile yenye sanduku mbele ambayo Wadenishi hubebea watoto. Tukaipakia meza miguu juu, kama mbuzi anayepelekwa machinjioni. Kwenye njia panda, ile droo iliyogoma dukani ikaona sasa ndio wakati. Ikafunguka, ikatema penseli, rula na soksi moja. Moja tu. Basi zima likatusubiri tukiokota.

Nyumbani nikaanza kupiga msasa. Vumbi la kwanza liliponiingia puani nikasimama. Muheza! Mimi nimezaliwa jirani na shamba la mitiki la Longuza, na baba amezeekea kwenye mashine ya kupasua mbao. Harufu ile siwezi kuikosea. Nikampigia video. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mtiki huo," akasema. "Umeenda Ulaya kununua mtiki?"

Nikamsimulia safari yote, na ile soksi pia. Akacheka mpaka akakohoa.

Sifa zikanipanda kichwani. Nikaamua kung'arisha kila upande, hata usioonekana. Nikaipindua, nikakuta maandishi yaliyochomwa kwa moto: Andr. Tuck, Odense, Denmark, na chini yake Hans J. Wegner. Nikatabasamu. Nimesoma bweni, mambo haya nayajua: sote tuliandika majina kwenye madawati, na watukutu walitumia msumari wa moto. Ni wazi Tuck na Hans waligombea meza hii zamani. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia: "Kwaheri Hans, meza imepata mwenyewe." Shangazi akajibu kwa vicheko saba. Kisha nikamshughulikia Hans. Hakutoka kirahisi, jina la moto lina kina. Tuck alikuwa mwepesi zaidi.

Jumapili jirani yangu, bibi wa makamo ya nyanya yangu, akaja kunywa chai. Alipoiona meza akaweka kikombe sakafuni, akapiga magoti na kuingia uvunguni. Nikadhani hereni imemdondoka. Akatoka na uso wa mtu aliyekosa jina lake kwenye matokeo.

"Miguu hii ni ya Wegner kabisa," akasema. "Lakini chapa haipo."

"Hans?" nikauliza.

"Unamfahamu?"

"Tumeonana kidogo."

Akanieleza, nami biskuti imekwama kooni. Hans Wegner, mtoto wa fundi viatu wa Tønder, aliyezaliwa 1914, aliingia kwa seremala akiwa kijana mdogo na kuishia kubuni viti zaidi ya 500. Kimojawapo ndicho walichokalia Kennedy na Nixon kwenye mdahalo wa televisheni mwaka 1960. Katika miaka ya 1950 kazi zake ziligawanywa kwa viwanda 5, kila kimoja na fani yake: huyu viti, yule vitanda, na meza zikaenda kwa Andreas Tuck, hapa hapa Odense. Kumbe hawakugombea chochote. Mmoja alichora, mwingine akatengeneza, na majina yao yakachomwa pamoja uvunguni.

Nikaipeleka kwa watu wa mnada. Kijana mwenye suti akalala chali chini yake na tochi, kama fundi wa gari.

"Hapa pana bonde," akasema.

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaikuza, macho yakamwaka. Kisha akauliza yale maneno ya chini yanasemaje. Nikamwambia ni dua.

Akanitajia bei mbili: ya meza yenye chapa na ya meza isiyo na baba. Tofauti yake ingenifikisha Dar na kunirudisha. Nikaipakia tena kwenye baiskeli.

Usiku nikampigia baba, nikakiri. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.

"Gogo lisilogongwa chapa kwa nyundo ya misitu," akasema hatimaye, "hata kama ni halali, linakamatwa njiani. Wewe umekulia kwenye nyundo."

"Ndiyo, baba."

"Ile soksi unayo?"

"Ninayo."

"Itazame vizuri kama ina jina. Na usiifue!"