Maji Yanamkwama, Nyinyi Mnamwandikia Omeprazoli

Mtu anaeleza kwamba ugali unamkwama kifuani, akiusukumia maji, maji nayo yanagoma. Usiku anacheua chakula cha mchana kisicho hata na uchachu, anapaliwa, anaamka akikohoa. Anaulizwa maswali mawili, anapewa omeprazoli na dozi ya H. pylori (bakteria wa tumboni), kwaheri. Akirudi amekonda, anaongezewa dozi. Hongera zetu.

Omeprazoli hupunguza asidi. Shida ya huyu ni mlango wa chini wa umio (mrija wa chakula) usiolegea, ugonjwa uitwao akalasia, na hapo asidi haihusiki. Tatizo letu ni kwamba tumezoea kudhani kazi ya neva ni kukaza misuli tu. Misuli ya mlango huu, sentimita 3 hadi 4 hivi, hukaa imejikaza yenyewe, kwa kawaida kwa shinikizo la milimita 10 hadi 30 za zebaki. Kinachohitaji amri ni kulegea.

Amri hutoka kwenye shina la ubongo mara tu unapomeza, ikashuka kwa neva ya vagasi hadi kwenye mtandao wa neva ulio katikati ya matabaka mawili ya misuli ya umio. Pale kuna seli za neva zinazokaza kwa kemikali ya asetilikolini, na nyingine zinazolegeza, hasa kwa naitriki oksaidi. Hii ni gesi. Haibishi hodi kwenye kipokezi cha nje. Hupenya hadi ndani ya seli ya misuli, ikaamsha kimeng'enya kinachotengeneza GMP ya mzunguko (kemikali ya kupeleka ujumbe ndani ya seli), kalsiamu ikashuka, misuli ikaachia. Mlango huanza kulegea ndani ya sekunde 2 hivi, tonge likiwa bado njiani, ukabaki hivyo kwa sekunde 6 hadi 10, kisha ukajikaza tena.

Kwenye akalasia, zinazokufa ni hasa zile seli za kulegeza. Za kukaza zinabaki bila mpinzani, na mawimbi ya kusukuma chakula nayo yanavurugika, maana yanategemea sehemu ya mbele kulegea kwanza. Ndiyo maana vigumu na vya majimaji hukwama vyote tangu mapema. Sasa niambieni, omeprazoli itafufua neva ipi?

Anayeanza kukwamwa na nyama, ukafuata ugali, kisha uji, ndani ya miezi michache, huyo mfikirieni saratani kwanza. Kenya, Tanzania na Malawi zimo kwenye ukanda wenye saratani nyingi ya umio, hatuna kisingizio. Na uvimbe ulio pale umio unapokutana na tumbo unaweza kuiga akalasia kabisa, kwa hiyo endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni) ni lazima kwa wote wawili.

Haya, nakubali: akalasia ni nadra, kama mgonjwa mpya 1 kwa watu 100,000 kwa mwaka, na mashine ya kupima shinikizo la umio hospitali nyingi hazina. Lakini bariamu, ile dawa ya kunywa inayoonekana kwenye eksirei, je? Mgonjwa anywe akiwa amesimama, apigwe picha dakika ya 1, ya 2 na ya 5. Umio umetanuka juu, umechongoka chini, na dakika ya 5 bariamu bado imesimama pale. Endoskopi ya mapema inaweza kuonekana safi, halafu mtu anaandika "michubuko kidogo ya tumbo" na kufunga faili!

Nifedipini ya chini ya ulimi, miligramu 10 dakika 30 hadi 45 kabla ya kula, hulegeza kidogo, ila presha inaweza kushuka na kichwa kuuma. Sindano ya botulini, yuniti 100, huzuia asetilikolini kwa miezi tu. Kinachodumu ni kutanua kwa puto la milimita 30, kisha 35 ikibidi (umio unaweza kutoboka), au kukata misuli: kwa upasuaji aliouanzisha Heller mwaka 1913, au kwa kupitia mdomoni, njia aliyoianza Inoue nchini Japani mwaka 2008. Baada ya kukatwa, asidi inaweza kupanda; hapo omeprazoli andikeni, sina ugomvi.

Na mnapompeleka endoskopi, msimwambie afunge kwa muda wa saa 6 tu kama wengine. Apewe vinywaji tu kwa siku nzima au mbili kabla, kwa sababu umio wake una chakula cha juzi, na akilazwa na kupewa dawa ya usingizi kitaishia kwenye mapafu.