Teja tunamkimbia, mlevi tunamvutia kiti

Kaa kijiweni jioni utazame. Akipita kijana mwembamba anayesinzia huku amesimama, kila mtu anashika mfuko wenye simu: "Teja huyo." Punde anapita jirani anayeyumba, anavutiwa kiti. "Mzee leo kapiga vyombo!" Watu wanacheka. Nyumbani kwake hawacheki, ila kijiwe hakifiki huko.

Wanaosema janga letu ni unga hawajakosea. Heroini humnasa mtu upesi, arosto, yale mateso ya kuukosa, haina mzaha, na kuchangia sindano kumesambaza VVU na homa ya ini. Hospitali ya Muhimbili haikuanza kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, mwaka 2011 kwa kujifurahisha.

Ila kuna hesabu inayonisumbua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani, na dawa za kulevya laki 6. Utaniambia wanywaji ni wengi mno, na ukimpima mtumiaji mmoja mmoja, unga ni hatari zaidi. Kweli. Lakini anayepanga vitanda vya wodi hupanga kwa idadi ya wagonjwa. Tena katika vifo hivyo vya pombe, zaidi ya laki 7 vilitokana na majeraha: ajali, ugomvi, kujiua. Humo mna abiria ambaye hakuonja hata funda.

Kumbuka viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe. Hadi vilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, pombe kali ilining'inia dukani pamoja na pipi na sabuni za paketi, mtoto akiifikia kwa mkono. Mwezi mmoja kabla, Dar es Salaam ilikuwa inasoma orodha za majina ya watuhumiwa wa dawa za kulevya. Orodha zile bado zinasimuliwa. Viroba tunavikumbuka kama taka za mitaroni.

Sheria nayo haitusaidii sana kujua kipi kibaya. Mirungi ni zao halali Kenya. Ukivuka nao Namanga kuingia Tanzania, umebeba dawa za kulevya. Jani ni lilelile.

Sisemi unga uhalalishwe, wala baa zifungwe. Nasema woga wetu umeelekezwa kwa yule asiyefanana nasi. Mke wa yule jirani akipeleka kilio chake kwa wazee, huambiwa: "Vumilia mama, shukuru mwenzio havuti unga."