Hicho kikofia cha ĩ sio urembo

Juzi nimepeleka programu ya ruracio, ile sherehe yetu Wakikuyu ya mahari, imeandikwa Kikuyu, saiba ichapishwe. Karatasi zimerudi zinang'aa kweli, ila kila ĩ imekuwa i na kila ũ imekuwa u. Namuuliza jamaa mbona, ananijibu bila hata aibu, "Hizo vitu za juu nimetoa, zilikuwa zinachafua fonti." Zinachafua!

Na watu wa familia ndio kwanza wananituliza eti wacha kelele, irabu si ni tano tu, tulifundishwa wote. Ndiyo, tulifundishwa. Tulikariri i na u za juu, e na o za kati, a ya chini, tukapata alama zetu za mtihani na hakuna mtu alituambia hiyo "juu" ni juu ya nini. Ni ulimi jamani! Sema i, halafu e, halafu a, polepole, usikie unavyoshuka. Daktari akitaka kukuangalia koo haambii mtu aseme iii, anataka aaa, kwa sababu hapo ulimi umelala chini. Na usiniletee ya taya, uma kalamu kwa meno taya isisonge, bado i na e zitatoka tofauti.

Sasa hiyo nafasi ya kupanda na kushuka kila lugha inaikata inavyotaka. Kiswahili kimekata ngazi tatu. Kikuyu kimekata nne: i, ĩ, e, a, na nyuma huko u, ũ, o, jumla irabu saba. Kwa hivyo ĩ sio i iliyovaa kofia, ni ngazi ya chini yake, ndio maana mgeni akisikia Kĩrĩnyaga anaandika Kerenyaga. Gũtũma ni kutuma, gũtuma ni kushona. Toa kikofia, halafu uniambie mtoto ametumwa dukani ama ameshonwa dukani.

Wanaonichekesha zaidi ni wale wa Kiswahili sanifu wanaoona irabu saba ni ushamba. Kiswahili chenyewe kimetoka kwa ukoo wa lugha za Kibantu uliokuwa na saba! Zile za juu kabisa zilikuja kumezana na za chini yake, lakini kabla zipotee zilikuwa zishaharibu konsonanti za jirani, na alama ziko mpaka leo. Chukua linda. Ongeza i ya kutendea, unapata lindia, d imetulia tu. Ongeza i ya mtendaji, unapata mlinzi, d imegeuka z. Kwa maandishi ni i hiyo hiyo, sasa mbona moja inakwaruza na nyingine inapita kwa adabu? Kwa sababu zamani hazikuwa sawa. Kwa ile ya mlinzi ulimi ulipanda mpaka pumzi ikabanwa kwenye kaakaa, ikatoka na mkwaruzo, na ya lindia ilikuwa ngazi moja chini, haikubana mtu. Ndio hiyo hiyo penda mpenzi, fuata mfuasi, jenga mjenzi. Na kile Kikuyu kinatofautisha kwa ũ na u, sisi tunakitofautisha kwa t na f: tuma, fuma. Yaani tulitupa ngazi tukabaki na nyayo, halafu tunamcheka aliyebaki na ngazi.

Sawa, meseji ya haraka hata mimi siweki vikofia, na mara nyingi maneno ya pembeni yanakuokoa. Lakini majina ya wazee kwenye karatasi ya sherehe?

Mzee Kenyatta mwenyewe, akiwa London katikati ya miaka ya 1930, aliwatolea sauti za Kikuyu wataalamu wa fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, wa University College, na mmoja wao, Lilias Armstrong, akakaa akazisikiliza. Mwingereza alizisikia zote saba, sisi tuliozaliwa nazo tunazifuta juu ya fonti. Wasukuma pia wana saba, na Dholuo na Kimaasai sianzi, huko mpaka mzizi wa ulimi uko kazini.

Mbishi ashushe Praat, programu ya kompyuta ya kupima sauti, ni bure, arekodi. Ulimi ukipanda mwangwi wa kwanza wa mdomo, ule wa sauti ya chini kabisa, unashuka: i ya mwanaume inacheza kama hezi 300, a inapita 600, ĩ inakaa kati ya i na e. Ukipata ĩ na i zimelala mahali pamoja kwa sauti ya cũcũ wako, yaani nyanya, wa Nyeri, nitumie hiyo rekodi.