Nunua Mapema, Uone

Wanaosema zawadi za mahafali zinunuliwe mapema wana makabati yenye ufunguo. Mimi nakaa Pasua, hapa Moshi, kabati langu mlango wake ni kitambaa, na nyumba nzima wanajua kukifunua.

Tarehe siyo shida. Tarehe nani hazijui? Kidato cha sita mtihani wao ni Mei, kwa hiyo kadi za mahafali zinaanza kutembea tangu Februari. Darasa la saba ni Septemba. Kidato cha nne ni Novemba. Na wote hao wanafanyiwa mahafali kabla ya mtihani, jambo ambalo mpaka leo hakuna aliyenielewesha. Tunampongeza mtoto kwa kumaliza, tunamvisha shada, tunamla mbuzi wa watu, halafu baada ya hapo ndiyo anakwenda kuulizwa maswali. Mbuzi akishaliwa, mtoto akifeli utamdai nani?

Vyuo navyo vingi vinaangukia mwisho wa mwaka, na hapohapo chekechea nao wanavaa majoho. Mtoto wa miaka mitano! Kofia imemshuka mpaka puani, joho analikanyaga, anaitwa mbele kupokea cheti cha kujua kuimba a, e, i, o, u. Na wewe unatakiwa uwe na zawadi. Ukiuliza zawadi ya nini, unaambiwa unamkatisha mtoto tamaa.

Sasa mwaka huu nikasema wacha niwafuate hao wenye akili. Mpwa wangu, binti wa dada, anamaliza chuo na anakwenda kuanza maisha. Mwezi wa sita nikapita Double Road kwa mangi mmoja wa vyombo, nikachukua chupa ya chai ya lita tatu, ile ya kubonyeza kichwani, ina maua mekundu ubavuni. Nikaiacha kwenye boksi lake, nikaipandisha juu ya kabati, nikaifunika na gazeti. Nikajiona mtu wa maana.

Haikumaliza mwezi. Nimerudi kazini Jumamosi, nakuta jumuiya imesalia kwetu, sebule imejaa, na katikati ya meza chupa yangu inabonyezwa.

Nikamvuta Mama Neema jikoni. "Ile si ya mtoto?"

"Mtoto gani? Mahafali ni Novemba, Baba Neema. Ulitaka niwape watu wa Mungu chai kwenye ile iliyovunjika mdomo, inayomwaga kabla hujainamisha?"

"Sasa itakuwa imetumika."

"Chai haimalizi chupa."

Tangu siku ile chupa haijarudi kwenye boksi, maana hata boksi lenyewe halipo, limepewa kuku anayelalia mayai. Nimeinusa juzi: tangawizi tupu. Kibandiko cha bei bado kipo chini, na mama watoto anasema hicho ndicho ushahidi kwamba ni mpya.

Nikajaribu mashuka. Mama mkwe akashuka kutoka Marangu, mashuka yakatandikwa usiku huohuo, na kwa mama mkwe nani atafungua mdomo? Asubuhi akasifia, akasema ni mepesi, yanafaa. Yakapanda naye mlimani.

Basi ukiona vitu havikai, unasema umtunze mhitimu kwa hela. Na hapo kwenye hela ndipo walipotuumiza sisi wa kipato cha kawaida. Zamani mtu ulikuwa na heshima yako. Unakwenda kwenye mahafali na noti kumi za 500, mpya, zinalia. Muziki ukipigwa unatoka kwenye kiti, unacheza mdogomdogo mpaka mbele, unambandika mhitimu moja, unarudi nyuma hatua, unambandika nyingine. Mkono unakwenda, mkono unarudi, MC anakutaja jina mpaka waliolala wanaamka. Shilingi elfu tano imekufanya uonekane una malori.

Mwaka 2014 yakatukuta mawili kwa pamoja. Chuo cha Ushirika pale Barabara ya Sokoine, kilichokuwepo tangu 1963, kikawa chuo kikuu kamili, kwa hiyo mhitimu wa hapo akapanda hadhi na zawadi yake ikabidi ipande naye. Na mwaka huohuo Benki Kuu ikaleta sarafu ya 500 ichukue nafasi ya noti, eti noti ilikuwa inapita mikono mingi mno, inachakaa haraka. Sasa noti ya mtu wa kawaida ilitakiwa ipite wapi? Miguuni? Wakatupa sarafu yenye Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Nyati huyo unambandika mhitimu kwa kitu gani? Pini haipiti, gundi haishiki. Ukimtupia kwenye sinia analia kwa sauti ambayo ukumbi mzima unaijua bei yake.

Kwa hiyo siku hizi kianzio ni noti ya Mwalimu, ya 1,000, na ukitoa moja MC anajifanya ana kikohozi. Anachangamka kuanzia simba wa 2,000. Kifaru wa 5,000, anakuuliza unatoka ukoo gani. Tembo wa 10,000 mimi sijamjaribu.

Anayenimaliza zaidi ni shemeji yangu wa Dar. Huyo ndiye mwalimu wetu wa kujipanga kwenye kundi la ukoo. Kila Januari anatuma sauti ndefu ya nasaha, mahafali ya mwaka mzima kayaorodhesha, watu wanajaza vidole gumba. Mtoto wake mwenyewe alipomaliza kidato cha nne, shule ipo hukuhuku kwetu, simu yangu ikaita usiku wa kuamkia mahafali. "Shemeji, ndiyo kwanza tunaipita Same. Hebu nichukulie keki na mashada mawili hapo mjini, nitakuja kukurudishia. Halafu keki iandikwe jina." Saa tano za usiku! Mtu wa keki amefunga, amelala, anaota unga. Nikagonga dirisha la watu mpaka mbwa wa mtaa wote wakaingilia kati. Jina likaandikwa kwa haraka, likakosa herufi moja, na kesho yake kwenye kundi la ukoo aliyelaumiwa kwa kutojipanga ni mimi.

Na mashada nayo usiniambie uyanunue mapema. Lile shada la kung'aa la Oktoba, Desemba linaitwa pambo la Krismasi. Ukiliweka ndani watoto wanalipandisha kwenye mti, na likishapanda kwenye mti kulishusha ni kuwaharibia sikukuu.

Ndiyo maana Ijumaa hii mjukuu wa jirani anahitimu chekechea, nami nimetokea getini mikono mitupu kama wenzangu wote. Pale nje vijana wamejipanga, mashada yamewajaa mpaka viwikoni.

"Bei gani, dogo?"

"Elfu tano, meku."

"Elfu tano? Double Road si elfu mbili hilo?"

"Ndiyo, Double Road ni elfu mbili." Wala hakubisha. "Bodaboda kwenda na kurudi ni elfu mbili nyingine. Ila wameshaanza kuita majina."

Na kweli nilisikia kipaza sauti ndani kinakoroma, MC anasema hodi hodi. Nikatoa tembo wangu pekee, ambaye nilikuwa nimempangia kazi ya luku. Kijana akachukua, akaingiza mkono mfukoni, akaanza kunihesabia kiganjani nyati mmoja, nyati wa pili, nyati wa tatu.

"Wewe, nipe noti. Nakwenda kutunza mtoto ndani."

"Noti sina, meku. Noti zote wamechukua waliotangulia, nao wanakwenda kutunza." Akaniangalia, akaangalia geti. "Labda nikuuzie. Elfu moja ya noti, nyati watatu."