Lisha kwanza bakteria ulionao, vidonge baadaye

Mi naumia sana nikiona mtu anahangaika na makopo ya probayotiki, yani vidonge vya bakteria hai, huku sahani yake haina nyuzinyuzi hata kidogo. Na mimi nilipita humo humo, nilimaliza dozi ya antibayotiki tumbo likavurugika wiki nzima, nikauziwa kopo la vidonge limeandikwa bakteria bilioni 50, nikameza mpaka likaisha na muda wote huo nakula wanga mweupe na nyama basi. Hakuna aliyeniuliza nakula nini.

Bilioni 50 ukiisikia unaona nyingi, ila hesabu iliyofanywa 2016 inakadiria mwilini tuna bakteria kama trilioni 38, karibu wote wako utumbo mpana. Yani kwa kila mgeni mmoja wa kwenye kidonge kuna wenyeji zaidi ya 700, na wageni wenyewe wengi hawakai, ukiacha kumeza wanatoka na choo wanaisha.

Kitu kilichonibadilisha ni maziwa ya mama. Kuna sukari mle ndani ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya, anazinyonya zinapita tumboni, zinapita utumbo mwembamba zikiwa nzima vile vile mpaka huko chini ambako bifidobakteria, aina ya bakteria wazuri wa utumbo, ndio wanazila. Na sio chembe mbili tatu, ukitoa maji zinashika namba tatu kwa wingi baada ya laktosi, ile sukari ya kawaida ya maziwa, na mafuta! Mwili wa mama uliochoka na uzazi unatoa nguvu zake kupika chakula cha bakteria wa mwanae. Hiyo ndo pribayotiki yenyewe, na jina hilo limekuja juzi tu 1995.

Sisi wakubwa zamu hiyo inashikwa na nyuzinyuzi zilizomo kwenye maharage, vitunguu, nafaka isiyokobolewa. Bakteria wanazichachusha wanatoa butireti, aina ya asidi ya mafuta, na seli za ukuta wa utumbo mpana hiyo butireti ndo chanzo chao kikuu cha nguvu. Bakteria wakinyimwa nyuzinyuzi je? Kwa panya wa maabara imeonekana wanageukia ule ute unaolinda ukuta wa utumbo, wanaula.

Sisemi probayotiki hazina kazi, kwa watoto njiti kuna aina zinazosaidia kweli na daktari ndo anajua zipi. Ila kumeza tu kila ukitoka kwenye antibayotiki, hapana. Utafiti wa Israel wa 2018 ulikuta waliomeza mchanganyiko wa probayotiki baada ya dozi, bakteria wao wa asili walichelewa kurudi kuliko wale walioachwa bila kupewa chochote, na hilo mi sikuambiwa dirishani pa duka la dawa nilipokuwa natoa hela.

Kama sahani yako ilikuwa kama yangu usirundike maharage siku moja, gesi itakutesa na utaacha. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na maji unywe.